Mchagua Jembe na Mchagua Msumeno

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika miaka yangu ya ualimu niliitumia mara nyingi. Mwanafunzi aliyesimama mlangoni mwa stoo siku ya kazi za mikono, akilishika jembe hili na kulirudisha, akilishika lile na kulirudisha, huku wenzake wamekwisha kulima matuta mawili, alijua kabisa ni maneno gani yatakayomfikia. Methali hiyo ni ya kweli, nami siikani. Lakini kadiri ninavyozeeka naona kwamba ilisemwa kwa ajili ya mvivu, ambaye kuchagua kwake ni namna ya kuikimbia kazi. Haikusemwa kwa ajili ya mtu anayeijua kazi inayomngoja na kuujua mkono wake. Mtu huyo anapochagua, kazi yake imekwisha kuanza.

Nayasema haya kwa sababu, nikiwa nimevuka miaka 70, nilijikuta nikichagua chombo ambacho sikukizoea ujanani: msumeno wa duara wa umeme, ule unaoshikwa mkononi, ambao mafundi wengi wa huku kwetu huuita kwa kifupi mashine ya kukatia mbao. Ilinichukua majuma matatu kuamua. Watu wa nyumbani walicheka, na mmoja wao akanirudishia methali yangu mwenyewe. Naandika hapa niliyoyapima katika majuma hayo, kwa faida ya yeyote atakayesimama mbele ya rafu ya duka akiwa na fedha za kununua chombo kimoja tu.

Nilifunzwa ualimu wa Daraja A mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa ingali mbichi. Chuoni kila mwanachuo alishika jembe, na baadhi yetu tulifunzwa useremala. Mkufunzi wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alitupanga mbele ya meza yenye misumeno na kutuambia kila mmoja aishike yote kabla ya kukata ubao wowote. Akatuonyesha kwamba msumeno wa kupasulia, unaofuata nyuzi za mti, una meno yaliyo kama patasi ndogondogo, na msumeno wa kukatia, unaozivuka nyuzi hizo, una meno yaliyo kama ncha za visu. Mwenye kuchukua huu kwa kazi ya ule alitoka jasho bure. Kwa hiyo mimi niliingia katika ualimu nikiamini kwamba kuchagua zana ni sehemu ya somo lenyewe.

Baada ya kustaafu nilirudi Mafinga, mkoani Iringa, karibu na msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill. Huku nyumba nyingi huezekwa juu ya mbao za paini, na harufu ya mbao mbichi ni jambo la kila siku. Nimeendelea na useremala mdogo wa nyumbani: rafu, banda la kuku, viti vifupi, mlango unaogoma kufunga wakati wa masika. Lakini bega la kulia limechoka. Kukata ubao wa 2x4 kwa msumeno wa mkono, kazi ambayo zamani niliifanya huku nikizungumza, sasa hunilazimu kupumzika katikati.

Kama ingekuwa ni bega langu tu, huenda ningevumilia. Yupo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, aliyejifunza useremala na sasa anafanya kazi za kupaua nyumba. Alikuwa akiazima mashine kwa fundi mwenziwe na kumlipa kwa siku, na siku ambayo mwenye mashine anaihitaji mwenyewe, kijana alikaa nyumbani. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba chombo kitakachonunuliwa kwa akiba yangu kitatumikia pande mbili, uani kwangu na saiti kwake. Fedha zilitosha mara moja. Hapakuwa na nafasi ya kununua kibaya halafu kununua kizuri.

Mjukuu wangu alikuwa na jibu lake tayari. "Babu, tuchukue ile kubwa. Fundi mwenye mashine kubwa ndiye anayepewa kazi kubwa." Nilimwelewa. Ujana hupenda chombo chenye sauti, na ni kweli kwamba watu wengi humpima fundi kwa vifaa alivyovishusha kwenye bodaboda kabla hawajaona anachoweza kufanya. Lakini nilimwomba tuahirishe safari ya dukani, kwanza tujue tunakata nini.

Chombo chenyewe si kigeni sana kwa asili yake. Mwamerika mmoja, Edmond Michel wa New Orleans, aliwatazama watu waliokata miwa kwa mapanga, akawaza namna ya kuutia mkono huo nguvu ya mota. Kutokana na wazo hilo ukapatikana msumeno wa umeme wa kushikwa mkononi, na mwaka 1924 yeye na mwenziwe Joseph Sullivan wakaanzisha kampuni ya kuuunda na kuuuza. Hadi leo Wamarekani wengi huuita msumeno wa namna hii kwa jina la biashara lililotokana na kampuni hiyo, Skilsaw. Nami niliwahi kuwaona wakata miwa katika bonde la Kilombero, mkono mmoja ukikamata muwa na mwingine ukishusha panga, saa baada ya saa. Ukiwafikiria watu wale utaona kwamba mashine hii haikuzaliwa ili kumpa mtu fahari. Ilizaliwa kutokana na kuuhurumia mkono.

Basi tulichukua futi kamba na daftari. Mjukuu aliorodhesha mbao anazozikata kazini: kenchi za 2x4 na 2x6, papi za 2x2, na mbao za fishabodi za inchi 1 kwa 8. Mimi niliorodhesha za nyumbani: mbao za inchi moja, plaiwudi, na mara mojamoja kipande cha mninga au mkongo kilichobaki kwa seremala fulani. Orodha hizo mbili zilitupa jibu moja. Ubao mnene kuliko yote ulikuwa wa inchi 2, yaani milimita 50 kwa mbao ambazo hazijapigwa randa. Hapakuwa na ubao hata mmoja wa inchi 3.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Msumeno wa duara hutajwa kwa upana wa bledi yake, yaani lile duara la chuma lenye meno. Lakini bledi haikati kwa upana wake wote, wala haifiki hata nusu, kwa sababu katikati imeshikwa na ekseli na juu ya ubao limekaa bamba la mashine. Bledi ya milimita 235 hukata kina cha milimita 85 hivi. Ile ya 185 hukata 65 hivi. Ya 165 hukata 55 au zaidi kidogo. Zipo ndogo za 115, ambazo hukata milimita 40 hivi, na nyingine ndogo kabisa za 85, ambazo hukata kama milimita 25 tu, na hizo huonekana kama vitu vya kuchezea ingawa kwa plaiwudi ni hodari. Ukiweka hesabu hizo kando ya orodha yetu utaona mara moja: zile ndogo mbili haziwezi kumaliza ubao wa inchi 2 kwa mkato mmoja, na ile kubwa inabeba milimita 35 ambazo hatuna kazi nazo.

Mjukuu aliuliza swali zuri: "Na mikato ya mshazari, Babu? Bledi ikilazwa nyuzi 45, kina kinapungua." Ni kweli. Mashine ya 165 ikilazwa hivyo hukata kama milimita 40 tu, na hiyo haitoshi inchi 2. Lakini nilimwomba achore kenchi aliyoifunga juma lililopita. Alipoichora tuliona kwamba mshazari wa kenchi huchorwa juu ya uso wa ubao, na bledi hubaki imesimama wima ikiufuata mstari. Kulaza bledi huhitajika mahali pachache, kama kwenye mbao zinazokutana na mgongo wa paa la pande nne. Mikato hiyo michache inaweza kumaliziwa kwa msumeno wa mkono. Kununua mashine nzito kwa ajili ya mikato minne katika paa moja ni sawa na kununua sufuria la harusi kwa sababu mara moja kwa mwaka tunapata wageni.

Baada ya kina tukapima uzito, na hapa nilirudia tabia yangu ya darasani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mashine ya bledi ya 235 ina uzito wa kilo 7 au zaidi. Ile ya 185 ya waya huwa kilo 4 hivi, na ile ya 165 ya betri huwa kati ya kilo 3 na 4, betri ikiwamo. Tulijaza maji kidumu kimoja lita 7 na kingine lita tatu na nusu. Nilimwambia kijana anyanyue kile kikubwa, akipeleke mbele yake juu ya meza urefu wa mkono, akirudishe na kukiweka chini, kisha arudie mara 20. Halafu akafanya hivyo kwa kile kidogo. Hakusema neno, lakini aliyatazama mabega yake.

Nikamwandikia ubaoni, maana ubao bado ninao nyumbani. Tuseme siku ya kazi ina mikato 200. Tofauti ya kilo tatu na nusu ukiizidisha mara 200 ni kilo 700. Mzigo huo wa ziada huunyanyua kila siku, na hakuna anayekulipa kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, mkono uliochoka hautii. Mashine nzito asubuhi hufuata mstari, saa kumi jioni huanza kuuacha, na ni saa hiyo ya kumi ambapo watu huumia. Kwa hiyo wepesi wa chombo ni sehemu ya usalama wake, na kijana mwenye nguvu anauhitaji kama mzee anavyouhitaji.

Likaja suala la waya au betri. Mashine ya waya ni ya bei nafuu zaidi, haihitaji kuchajiwa, na kwa mtu anayepasua mbao mchana kutwa karakanani ndiyo inayofaa. Lakini nyumba inayopauliwa mara nyingi haijafikishiwa umeme. Fundi huomba waya kwa jirani, na waya huo huwa mwembamba na mrefu. Mashine ya wati 1,200 katika umeme wetu wa volti 230 huvuta ampea 5 na kidogo. Ukiipitishia mkondo huo katika waya mwembamba wa mita 50, nguvu hupungua njiani, mota huvuta kwa shida na kupata joto, na waya ulioachwa umejiviringa kwenye gurudumu lake huweza kuyeyuka. Jenereta ndogo nayo hulemewa, kwa kuwa mota inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kuliko inapoendelea.

Betri nayo ina mipaka yake, na si vizuri kumficha mnunuzi. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 5 imebeba wati-saa 90. Kama ungeitaka itoe wati 1,200 mfululizo, ingekwisha kwa dakika zisizofika 5. Mtu akisikia hivyo huona ni upuuzi. Lakini kukata kenchi si kazi ya mfululizo. Ubao wa 2x4 wa paini hukatika kwa sekunde chache, kisha fundi hupima, huchora, huutoa ubao na kuuweka mwingine. Betri mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikiwa imejaa, huendesha siku ya kawaida ya kupaua. Kwa kupasua mbao ndefu za mkongo hazifai, na sisi hiyo si kazi yetu. Betri na chaja huongeza bei sana, kwa hiyo ni busara kuchagua aina ambayo betri yake itaingia pia katika keekee, ili siku ya kununua keekee ununue mwili wake tu. Tena betri hizi haziyapendi majua. Anayeiacha juu ya mabati tangu saa sita anaifupishia maisha.

Kuna pia vifaa vilivyotumika vinavyoletwa kutoka nje, na katika hivyo kuna mali nzuri. Lakini mashine ya waya iliyoundwa kwa ajili ya Marekani hutumia volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja katika soketi yetu itanguruma mara moja, itoe moshi, na kunyamaza daima. Kibandiko cha volti kiko ubavuni mwa mashine, na kukisoma ni bure.

Siku ya kwenda dukani tulikwenda wawili. Muuzaji alituchangamkia. "Shikamoo mzee, karibu. Unataka ya bei gani?" Nilimjibu kwamba nataka kwanza kuzishika. Zikiwa hazina betri wala waya, tulizikagua moja baada ya nyingine, na nitaeleza tulichokitazama, kwa kuwa jambo hili halihitaji utaalamu mkubwa.

Kwanza ni mipini miwili. Mkono wa kulia ukiwa kwenye swichi na wa kushoto kwenye mpini wa mbele, je, mashine imekaa sawa, au inaning'inia upande wa mota? Pili ni mstari. Je, ukiwa umesimama kama unavyosimama kazini unaona mahali bledi itakapoingia? Zipo mashine zenye bledi kulia kwa mota na nyingine kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ile ya kushoto humwonyesha mstari bila kuinama juu ya mashine, na mimi shingo yangu imeipenda hiyo. Tatu ni bamba la chini. Liweke juu ya kioo cha meza ya muuzaji. Likicheza, limepinda, na mkato wako utapinda milele. Nne ni kishikizo cha kurekebisha kina, kama kinakaza kweli au kinateleza. Tano, na hili ni kubwa kuliko yote, ni kinga ya chini: ile kofia inayofunguka bledi inapoingia katika ubao na kujifunga inapotoka. Ivute kwa kidole na uiachie. Ikirudi kwa uvivu, rudisha mashine hiyo rafuni.

Tulitazama pia tundu la katikati la bledi. Yapo ya milimita 16, ya 20 na ya 30, na mashine nzuri yenye tundu ambalo maduka ya mjini kwenu hayana bledi zake ni pambo. Uandishi wa mwendo ulio juu ya bledi nao lazima uwe mkubwa kuliko mwendo wa mashine, ambao mara nyingi ni mizunguko kama 5,000 kwa dakika. Meno yakiwa machache, kama 24, hukata haraka na kuacha kingo zenye manyoya; yakiwa 40 au zaidi, hukata polepole na kuacha kingo safi, ndiyo yanayofaa plaiwudi. Hapo nilimkumbuka mkufunzi wangu na meza yake ya misumeno. Kwa miti migumu ya kwetu, meno yenye ncha za kabaidi si anasa. Mvule huficha ndani yake vipande vigumu kama mawe, ambavyo kwa kweli ni chokaa iliyoganda ndani ya mti, na msaji una chembechembe zinazofanana na mchanga. Chuma cha kawaida hukutana na vitu hivyo mara moja tu.

Sasa nirudi kwenye ile kinga. Mtaani kwetu yuko fundi mmoja ambaye mkono wake wa kushoto una vidole viwili. Ni mtu mwema na alikuwa mwepesi wa kazi. Kinga ya mashine yake ilikuwa ikimchelewesha, akaifunga kwa waya ili ibaki wazi, kama wanavyofanya wengi. Siku moja ubao uliegemea upande, ukaibana bledi, na mashine ikapiga teke. Ndivyo zifanyavyo: mfereji uliokatwa ukijifunga, nguvu yote ya mota huirusha mashine nyuma kumwelekea aliyeishika. Kinga ingekuwa huru ingejifunga palepale. Leo fundi huyo huuza mbao, na anapomhesabia mtu fedha hutumia mkono wa kulia peke yake.

Nilimpeleka mjukuu wangu kwake kabla ya kununua, si kumtisha, bali kwa kuwa mwalimu bora wa jambo hilo alikuwa yeye. Alimwambia maneno ambayo nisingeweza kuyasema kwa uzito huohuo: "Mwanangu, ule waya niliufunga kwa nusu dakika." Kisha akamwonyesha namna ya kuukalisha ubao ili kipande kinachokatwa kianguke chenyewe badala ya kubana, namna ya kuweka kina ili meno yatokeze chini ya ubao kwa milimita chache tu, namna ya kusimama kando ya mstari wa bledi na si nyuma yake, na kwamba betri hutolewa kwanza kabla ya kugusa bledi kwa sababu yoyote. Na kukata kufanyike chini, juu ya farasi wa mbao, ubao ndio upande juu ya paa. Anayekata akiwa amepanda kenchi ana mkono mmoja wa kazi na mmoja wa kujishikilia, na mashine hii inadai yote miwili.

Niongeze na yale yasiyotoa damu. Sauti ya mashine hizi huvuka desibeli 90, na masikio hayaoti tena. Vumbi la mbao nalo si unga usio na madhara: mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliainisha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Miwani, vizibo vya masikio na barakoa vyote kwa pamoja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na betri moja. Tulivinunua siku hiyohiyo, katika risiti hiyohiyo, ili visionekane kuwa jambo la baadaye.

Tulichukua ile ya betri, bledi ya milimita 165, mota isiyotumia kaboni, betri mbili. Mjukuu wangu aliitazama ile kubwa mara ya mwisho, kama mtu anayeagana na rafiki, kisha akaibeba hii mfukoni mwa begi lake bila shida yoyote. Msimamizi wake wa saiti alimtania siku ya kwanza kwamba amekuja na mashine ya kukatia vitunguu. Siku ya tatu aliomba kuijaribu.

Lipo jambo moja ambalo sikulipigia hesabu daftarini. Saiti haina umeme, na chumba anachopanga kijana hana uhakika nacho kwa wizi. Kwa hiyo mashine inashinda kwake na kulala kwangu. Kila jioni huja nayo, hupangusa vumbi, huipima kinga kwa kidole kama tulivyofanya dukani, huweka betri kwenye chaja, kisha hukaa. Betri moja huchukua muda kujaa, na katika muda huo chai hunywewa na habari za paa la siku hiyo husimuliwa. Zamani nilimwona siku za sikukuu.

Jumamosi mashine ni yangu. Hukata vipande vyangu viwili vitatu, mikono yote miwili ikiwa kwenye mipini, na hata bega langu halinung'uniki. Tumekubaliana pia kwamba siku mkono wa kushoto utakapoanza kutetemeka, yeye atakata na mimi nitachora mstari. Kuchora mstari ni kazi, na macho bado yapo.

Mchagua jembe si mkulima, ndiyo. Lakini kabla hujamhukumu mtu anayechelewa mbele ya majembe, mtazame vizuri. Akiwa analipima jembe kwa mkono wa atakayelima, na kwa udongo wa shamba atakalolima, mwache amalize.